Bi Mkubwa Hakugoma

Baba,

Shikamoo. Mkono umeandika salamu kabla sijafikiri, na sasa sina moyo wa kuifuta. Mama amejinyoosha kidogo baada ya adhuhuri. Mimi nimekaa karakanani, kwenye kigoda chako mbele ya dirisha, na mlango uko wazi kwa mara ya kwanza tangu siku zile ulipotuacha. Kuna vumbi kwenye jiriwa lako la kubania vyuma. Buibui amejenga kati ya tupa zako mbili zile ndefu. Sijamgusa.

Nina mengi ya kukueleza, na mengine unayajua kuliko mimi, maana ulikuwepo.

Mji ulianza kusema siku ileile ya mazishi, wanaume hawajarudi kutoka makaburini. Nilikuwa uani naosha vikombe. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Fundi Hamisi kauawa na mapishi yake mwenyewe. Risasi za kupikwa nyumbani, ulitegemea nini?" Mwenzake akamkanyaga mguu anyamaze, maana mpishi wa risasi hizo nilikuwa mimi. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitaijua sura yake, na nitamchukia maisha yangu yote, na huku Elerai tunateka maji bomba moja.

Baba, unakumbuka lilivyoanza jambo hili? Ruksa ilikuwa imekuja, makampuni ya uwindaji yanarudi, magari ya kijani yanazunguka Mnara wa Saa na wageni waliovaa kofia mpya. Kaka Eliakimu akaja na habari zake. Mmeru wa Nkoaranga, zamani askari wa wanyamapori, sasa amepata kazi ya kuongoza wageni porini. Alisema amechoka kuazima bunduki ya kampuni. Anataka ya kwake, nzito, ya kumsimamisha nyati anayekuja. Ukamwambia bunduki si tatizo, tatizo ni chakula chake. Risasi kubwa za kutoka nje zilikuwa zinakuja kwa kubahatisha, leo zipo dukani, mwezi ujao unaambiwa zimekwama bandarini.

Ukakaa na chai yako ya tangawizi. Mimi nikajua umeshapata jibu.

Maganda ya risasi ya kale tulikuwa nayo. Walowezi walipoondoka waliacha masanduku ya risasi za aina moja ambayo bunduki zake ziliisha kitambo. Ukasema utayapanua midomo yashike kichwa kinene zaidi, utachonga vichwa hivyo mwenyewe kwa fito za shaba, halafu utatengeneza mtutu wa kulingana na risasi hiyo mpya, ambayo haimo katika kitabu cha nchi yoyote. Mwili wa bunduki ukautoa kwenye ile ya Mjerumani iliyokaa kwetu tangu sijazaliwa. Kitako ukachonga kwa mninga. Kazi ya kujaza baruti ukanipa mimi. Ulisema, "Mkono wako hauna haraka." Nikiwa mezani napima, ulikuwa unamfukuza hata Mama mlangoni, na Mama anacheka, anasema sasa mtaa huu una msikiti wa pili, hata kukohoa hapana.

Risasi yenyewe ukaiita Bi Mkubwa, kwa kuwa hakuna anayembishia. Siku ya kuijaribu kule machimboni uliifunga bunduki kwenye tairi ukaivuta kwa kamba kutoka nyuma ya mwamba, na mlio wake ukarudi kutoka mlimani kama mtu anayegonga geti. Baadaye ukapiga ya begani. Usiku wake Mama alikukanda bega kwa mafuta ya nazi, nawe unaguna na kutabasamu kwa pamoja. Sijawahi kukuona na furaha kama ile.

Halafu ukaenda Nkoaranga, ukarudishwa umefunikwa shuka.

Tulichoambiwa ni hiki. Nyati mwenye waya wa mtego mguuni alikuwa ameshuka kutoka msituni, anazunguka kwenye kahawa na migomba, na alikuwa amemvunja mkono shangazi yake Eliakimu. Ofisi ya wanyamapori ikampa Eliakimu kibali cha kumuua. Bunduki za kampuni zilikuwa porini na wageni. Akaja kwako kuchukua ya kwake, wewe ukaenda naye. Nyati akatokea karibu. Risasi ya kwanza ikagoma. Kabla ya ya pili kulia, nyati alikuwa amekufikia. Walikushusha kwa kitanda kwenye vile vinjia vya mteremko, na roho ikakutoka kabla hamjafika geti la hospitali.

"Imegoma." Neno hilo moja lilitufungia mlango. Ofisi ikaweka kufuli karakanani mpaka uchunguzi uishe. Wateja wakaja na mtu wa ofisi kuchukua bunduki zao, hata zile ambazo hazijakamilika, hata ya yule mzee wa Monduli uliyemtengenezea miaka yote. Alichukua yake akitazama chini.

Na mimi, Baba, nikaanza kushuku.

Kwanza nilijishuku mwenyewe. Nililala nikihesabu vidole. Je, nilisahau baruti? Je, siku ile mkono ulikuwa na haraka? Nilipomaliza kujishuku mwenyewe, nikaona haitoshi. Nikamshuku mwenye duka la risasi za nje, kwa sababu tangu ufe watu wamejaa kwake, na niliambiwa mwenye duka humsimulia kila mteja habari yako kabla ya kumfungulia kabati. Nikasema huyu lazima alimtuma mtu akaingia kwetu. Nikaenda dirishani kuchunguza kitasa. Nikaona mkwaruzo. Nilikaa na mkwaruzo ule siku nzima, ndipo Mama akasema niliufanya mimi mwenyewe nikiwa msichana, nilipopoteza ufunguo.

Nikamshuku Mama. Ndiyo. Kwa nini hakulia kama mimi? Kwa nini alikubali kufuli la ofisi bila neno? Nilimtazama anapika, nikajiuliza anajua nini. Nakwambia hili ujue nilifika wapi.

Lakini aliyenikaa rohoni ni Eliakimu. Nilikuwa namwita kaka, nikaacha. Kwenye msiba alibeba jeneza mbele kabisa, akawahudumia watu maji, lakini mimi hakunitazama usoni hata mara moja. Kisha, tanga halijaanuliwa, akamwita Mama pembeni. Mama alinisimulia baadaye. Aliomba kile chombo chako cha kuchongea tumbo la mtutu, kile ulichokinoa kwa majuma mengi, ambacho bila hicho hakuna mtu duniani atakayetengeneza bunduki ya kumlisha Bi Mkubwa. Alisema anataka kukihifadhi.

Kukihifadhi kwa nani? Nikaona yote kwa mpigo. Kampuni yake inataka risasi yako. Wewe hupo. Jina lako limeharibika, hakuna atakayekidai. Baba, nilikitoa kile chombo kwenye kasha kabla ofisi haijaja na kufuli, nikakizungushia kanga, nikakizika kwenye pipa la mchele. Mama alidhani nimerukwa na akili. Labda.

Muda ukapita, polisi wakatuita tukatambue vitu vyako. Nilikwenda na mjomba Shabani, kaka yake Mama, kwa kuwa yeye ana leseni ya ufundi na mliwahi kufanya kazi pamoja. Afande alikuwa mtu mpole, kijana wa Singida, akatupisha kiti. Akaweka mezani koti lako. Akaweka saa yako. Akaweka bunduki. Halafu akamimina kutoka kwenye bahasha risasi mbili nzima na ganda moja tupu.

Nikamuuliza, "Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi, dada? Ndizo hizi. Zilikuwa tatu."

Ni kweli zilikuwa tatu, niliuliza kwa kushuku tu. Nilizijaza mimi, ulizitia mfukoni mimi nikiwa nimesimama. Nikaomba ruhusa nizishike. Nikaigeuza moja nikaitazama kitako, pale penye fataki, kile kitufe kidogo kinachogongwa na pini ili baruti iwake. Kilikuwa laini, kinang'aa. Nikaigeuza ya pili. Laini vilevile. Ganda tupu ndilo lenye alama ya pini, imezama katikati, kama ulivyopenda.

Nikazipanga zote tatu mezani. Mjomba Shabani naye alikuwa ameshaona. Risasi iliyogoma lazima ibaki na kovu, Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Pini imegonga, moto haujawaka, kovu linabaki. Hapa kulikuwa na moja iliyolia na mbili ambazo hazijaguswa na kitu. Hakuna risasi iliyogoma.

Nilimshuku hata yule afande wa watu. Nikamuuliza bahasha ilikaa wapi, nani mwenye ufunguo wa kabati. Akanijibu yote bila kukasirika, na mwisho akasema, "Dada, mimi niliandika alichoniambia bwana yule. Kama kuna lingine, kamuulize yeye."

Nikaenda kumuuliza. Sikumwambia Mama. Nilipata lifti ya gari la mkaa lililokuwa linarudi tupu, tukapita Kimandolu, nikashuka barabarani nikapanda kwa miguu. Ulikuwa msimu wa kahawa, njia ina matope mekundu na maganda yaliyotupwa. Kila niliyemuuliza kwa Eliakimu alinielekeza kwa adabu, nami kila mmoja nikamtazama usoni kama shahidi aliyehongwa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe migomba. Shangazi yake amekaa barazani, mkono wenye bandeji mapajani. Nikamwamkia mama wa watu. "Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa fundi?" Nikaitikia. Hakusema pole. Alimgeukia Eliakimu akamwambia Kimeru, maneno machache, sikuyaelewa. Eliakimu akaweka panga chini.

Nikasema, "Nimetoka polisi. Nimeziona zote. Nionyeshe iliyogoma."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa mikavu.

"Hakuna iliyogoma," akasema.

Baba, nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na maswali yamepangana kama risasi kwenye mkanda. Sikuwa na kitu cha kufanya na ukweli.

Alinisimulia amesimama, ng'ombe anatafuna kati yetu. Alisema siku ile ulimkatalia bunduki. Ulimwambia akae nayo kwanza, aifungue na kuifunga mpaka mkono uijue, maana kikufuli chake cha usalama, kinachoizuia isilie, ni cha kizamani, hugeuzwa kutoka kulia kwenda kushoto, na yeye amezoea cha bunduki ya kampuni, kinachosukumwa mbele kwa dole gumba. Yeye akakusihi. Shangazi amelala hospitalini, watu hawaendi mashambani, watoto hawaendi shule. Ukakubali kwa sharti moja, uende naye, usimame karibu yake umkumbushe.

Kwa hiyo ndiyo sababu ulikwenda. Sisi tulidhani ulitaka tu kumsikia Bi Mkubwa akilia mlimani.

"Alitoka kwenye magugu hatua chache tu," Eliakimu akasema. "Nikasukuma mbele. Nikavuta. Kimya. Nikasukuma tena, nikavuta. Nilikuwa nasukuma chuma kisichosukumika, dada yangu, akili imenihama. Fundi aliiona mikono yangu. Akatoka nyuma ya mgomba, amevua koti, anampungia nyati amtazame yeye. Anampungia huku ananiambia mimi, 'Geuza kushoto, Elia! Kushoto!' Nikageuza. Ikalia mara moja. Nyati alikufa palepale. Lakini alikuwa ameshampitia."

Shangazi akasema, "Mmalizie."

"Alipokuwa chini alisema, 'Umeona?' Nikasema nimeona, fundi. Hakusema tena."

Nilikaa chini kwenye majani ya migomba. Sikulia kwanza. Kilichonijia ni hasira yenye meno. Nikamwambia, "Alikufa badala yako. Halafu ukamwacha aitwe mzembe. Ukaniacha mimi niitwe muuaji wa baba yangu."

Hakujitetea sana. Alisema afande alipomuuliza, neno alilolipata ni hilo, imegoma. Kesho yake lilikuwa limefika mjini. Keshokutwa kampuni ikamwita, ikampa pole kwa kupewa risasi mbovu. Angesemaje tena? Nani atamwajiri mwongozaji wa wawindaji asiyejua kufungua bunduki yake? Ana watoto shuleni. Kila alipotaka kulirudisha lile neno lilikuwa limenenepa.

"Na kile chombo?" nikamuuliza. "Ulikitakia nini?"

Akasema alitaka kukitupa mtoni. Kwamba alidhani kikipotea, haitatengenezwa bunduki nyingine, na habari yote itasahauliwa.

Hapo, Baba, sikumwamini. Nakwambia kweli, hata leo sijui. Inawezekana ni kweli. Mtu mwenye hofu hufanya mambo ya kitoto. Inawezekana pia kuna mtu wa kampuni aliyemwahidi kitu. Nilimtazama macho, nikaona macho tu.

Nikamwambia sitaki anisimulie mimi. Aje kwenye arobaini yako, aseme mbele ya watu. Asipokuja, nitasema mimi. Nikaondoka bila kunywa chai yao. Shangazi alinisindikiza mpaka kwenye kona, mkono wake umening'inia, akasema, "Nilimwambia tangu mwanzo. Uongo ni kama jipu, lazima liive."

Siku ya arobaini sikutegemea angekuja. Niliamini atatuma mtu, au atapotelea porini na wageni wake. Hata nilipomwona anaingia uani amevaa suti ya kanisani, nilifikiri amekuja kuyapotosha. Nikasimama mlangoni kwa wanawake, niweze kusikia. Dua ikasomwa, watu wakala. Mwenye duka la risasi alikuwepo, na yule mzee wa Monduli, na wawindaji wawili wa kampuni. Ustaadhi akampa nafasi.

Eliakimu akasema yote. Alisema kwa sauti ndogo mpaka mjomba Shabani akamwambia, "Paza, wa nyuma hawasikii," ikambidi aanze upya. Kuanza upya kule, Baba, ndiko kulikomvunja. Mara ya kwanza alikuwa amekariri. Mara ya pili alilia. Alisema, "Bunduki ya fundi haikuwa na kosa. Risasi ya binti yake haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeshindwa, na yeye akaja mbele yangu." Kisha akakaa, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Yule mwanamke wa vikombe, yeyote awaye, natumaini alisikia.

Basi habari za sasa ni hizi. Eliakimu kampuni haikumtaka tena. Ana kahawa yake na ng'ombe. Alikwenda mwenyewe polisi na ofisini kubadilisha maelezo, na ofisi ikatufungulia karakana kwa jina la mjomba Shabani. Mzee wa Monduli amerudisha bunduki yake, alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kupiga hodi. Mwenye duka hajaja, ila ametuma salamu, nami bado najiuliza salamu zile zina nini ndani. Bunduki yenyewe iko polisi. Eliakimu hataki kuiona, na sisi hatujaamua. Chombo chako nimekitoa kwenye mchele. Sikwambii nimekiweka wapi, hata wewe.

Kila mwisho wa mwezi unashuka mkungu wa ndizi kutoka Nkoaranga. Hakuna barua wala ujumbe, unaachwa mlangoni. Mwezi wa kwanza nilimwambia Mama asiuguse, nikaukagua kama askari wa forodha. Mama akanitazama, akachukua kisu, akaanza kumenya. "Mwanangu," akasema, "baba yako alimpa mtu huyu uhai wake. Mimi nitakataa ndizi?" Akapika mtori, akala peke yake. Mwezi wa pili akala peke yake.

Jana aliweka mabakuli mawili. Nilikaa. Nikachota kijiko cha kwanza nikakiacha mdomoni muda mrefu, kama mtu anayesubiri kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Ulikuwa mtori mzuri, umetiwa nyama ya mfupa. Nikala mpaka chini, na Mama akajifanya hatazami.

Nilikuwa na hasira na wewe pia, Baba. Sijamwambia mtu. Kwa nini ulivua koti? Ungeweza kulala chini. Ungeweza kupiga kelele ukiwa nyuma ya mgomba. Nimekuuliza hivyo kila siku, na kila siku najibiwa na vile nikujuavyo. Ulikuwa huwezi kuona kazi yako ikimshinda mtu ukakaa pembeni.

Naishia hapa, Mama ameamka, anakohoa ili nijue. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na aliangaze. Ijumaa nitamtuma mjomba akusomee, na mimi nitakusomea nikiwa hapahapa dirishani.

Ahadi yangu ni moja. Atakayeniuliza ulikufaje, awe mteja, awe mpita njia, awe mtoto wangu nikijaliwa, nitaweka kazi chini na kumsimulia tangu mwanzo, na jina la Eliakimu nitalitaja bila kulitemea mate. Hilo la mwisho ni gumu. Nipe muda.

Binti yako,
Zuhura